Jiko Zima, Hewa Haba: Uchambuzi wa Kisa cha Karavani Moja Nje ya Bemidji

Saa tisa na nusu za usiku, mwishoni mwa Novemba, king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kililia ndani ya karavani iliyoegeshwa katika shamba moja nje ya Bemidji, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Nje kulikuwa na nyuzi 16 chini ya sifuri. Ndani walikuwa wamelala ndugu wawili, wazaliwa wa Lubumbashi, na jiko dogo la kuni lililokuwa limebaki na makaa tu. Kaka mtu aliamka na kichwa kizito, akavuta pumzi kutafuta harufu ya moshi, hakuisikia, akahukumu kwamba chombo kimeharibika, akanyoosha mkono ili akitoe betri. Mdogo wake ndiye aliyeusukuma mlango. Wote wawili walitoka na mablanketi yao hadi kwenye gari wanalovutia karavani, wakakaa humo mpaka kulipokucha.

Asubuhi simu ilinifikia mimi, kwa kuwa mke wangu ni dada yao na kwa kuwa kazi yangu ni kuchomelea chuma na kufunga majiko. "Shemeji, jiko limepasuka," ndivyo mmoja wao alivyoanza. Jiko halikuwa limepasuka. Ninaandika kwa idhini yao, bila kuwataja majina, kwa sababu kila aliyesimuliwa kisa hiki alianza kwa kulilaumu jiko, nami nilianza hapo hapo, na sote tulikosea.

Karavani yenyewe ni ya miaka ya 1980, na waliinunua ili wapate pa kulala wakati wa mavuno ya viazisukari katika bonde la mto Red, kazi ya Oktoba ambayo huwavuta vibarua wengi wanaokuja na nyumba zao za magurudumu. Mavuno yalipokwisha hawakurudi Fargo, mji wa jimbo jirani la North Dakota. Walipata kazi ya kukata miti kwa majira ya baridi, wakaivuta karavani zaidi ya kilomita 200 hadi Bemidji. Ndani ina urefu wa mita 5.4, upana wa mita 2.1 na kimo cha mita 1.9, yaani mita za ujazo 21 na nusu za hewa, ukiacha makabati na vitanda. Kuta ni plaiwudi nyembamba juu ya fremu ya mbao, katikati sufi ya kioo, na nje bati la aluminiamu.

Ilipotoka kiwandani ilikuwa na tanuri la gesi ya propani, na inafaa kusema neno juu ya tanuri hilo kwa sababu ndilo lililonipa ufunguo wa kisa. Katika matanuri ya aina hiyo chumba cha moto kimefungwa kabisa: hewa ya kuunguza gesi huingia kutoka nje kupitia ukutani, na moshi hurudi nje kupitia ukuta huo huo, hivyo kwamba hewa ambayo watu wanaivuta haikutani na moto hata kidogo. Tanuri lile lilikuwa bovu. Waliling'oa, na mahali pake wakaweka jiko la chuma la kilowati tatu hadi nne, linalopokea vipande vya kuni vya urefu wa sentimita 20. Jiko la namna hii huchukua hewa yake chumbani. Kwa badiliko hilo moja, kazi ya kuleta hewa iliyokuwa ya mtambo ikawa ya nyufa za karavani, na hakuna aliyewaambia.

Wala nyufa zenyewe hazikubaki. Tangu theluji ya kwanza kaka mtu alitumia kila Jumapili kuziba: povu kwenye madirisha, mkanda kuzunguka mlango, matambara kwenye matundu mawili ya hewa yaliyokuwa sakafuni. Alifanya kazi safi, na alinionyesha kwa fahari. Kilo moja ya kuni kwa saa, ambayo ndiyo chakula cha kawaida cha jiko hilo likiwaka vizuri, huhitaji kati ya mita za ujazo nane na kumi za hewa. Kwa hiyo katika muda wa saa mbili na ushei jiko lile hutaka hewa sawa na yote iliyomo karavanini, na hewa hiyo lazima iingizwe na kitu fulani kupitia mahali fulani.

Nilifika Jumamosi nikiwa na kipima kaboni monoksidi, kipima kanieneo (mgandamizo wa hewa) ambacho mafundi wa dohani, yaani bomba la kutolea moshi, hukitumia, na kijiti cha udi nilichokichukua kwenye kabati la mke wangu. Cha mwisho ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Kwanza nililiondolea jiko lawama. Nilibana kipande cha karatasi kwenye mlango wa jiko na kukivuta, pande zote nne, na kila mara kilikwama. Kwa hiyo kamba ya kuzibia mlango ilikuwa nzima. Maungio ya dohani yalikuwa na skrubu tatu kila moja, na ncha nyembamba za mabomba zilielekezwa chini, inavyotakiwa, ili lami ya moshi ikichuruzika ibaki ndani ya bomba. Hakukuwa na ufa wala tundu. Kisha tuliwasha moto, nikapitisha udi kwenye kila ungio na kwenye kilango cha hewa cha jiko. Moshi wa udi ulinyonywa ndani ya jiko kwa utulivu, na kipima kilibaki sifuri. Kama ningekuwa nimekuja kwa saa moja tu, ningewaambia kila kitu ni kizuri, nikaondoka.

Nilipouliza ni kitu gani kilikuwa kinaendeshwa usiku ule ambacho hakiendeshwi sasa, mdogo mtu alitazama juu. Paani, juu ya jiko la kupikia, kuna feni ya kutoa hewa. Walikuwa wakiiacha mwendo wa chini usiku kucha kwa sababu kuta zilikuwa zikitoka jasho: mtu aliyelala hutoa takribani gramu 40 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi, na watu wawili kwa usiku mzima hupita nusu lita, ambayo katika baridi ile hugandia kwenye kila kipande cha chuma na kuozesha plaiwudi. Hoja yao ilikuwa na akili. Niliiwasha feni mwendo ule ule, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kama walivyolala, na kipima kanieneo kikaonyesha kwamba hewa ya ndani imeshuka paskali saba (paskali ni kizio cha kanieneo) chini ya ile ya nje.

Paskali saba ni kitu kidogo mno. Hakuna sikio litakaloisikia. Lakini dohani nayo haina nguvu zaidi ya hapo. Dohani huvuta kwa sababu hewa moto iliyomo ndani yake ni nyepesi kuliko hewa baridi iliyo nje, na mvuto huo hutegemea mambo mawili, kimo cha dohani na tofauti ya joto. Dohani yao ilikuwa na kimo cha mita 1.9 tu kutoka juu ya jiko hadi kwenye kofia, kwa kuwa waliogopa kugonga matawi ya miti. Moshi ukiwa na nyuzi 220, na nje nyuzi 16 chini ya sifuri, hesabu inatoa mvuto wa paskali 12 hivi. Kumi na mbili dhidi ya saba: dohani inashinda, ndiyo maana jioni hakuna aliyeona lolote. Moto ukifa na dohani ikapoa hadi nyuzi 60, mvuto hushuka chini ya paskali sita. Sita dhidi ya saba: feni inashinda, dohani inageuka kuwa mlango wa kuingizia hewa, na kila kinachotoka kwenye makaa kinamwagika chumbani. Tuliurudia usiku ule mchana, mlango ukiwa na mtu tayari kuufungua. Makaa yalipokuwa yamebaki mekundu bila ulimi wa moto nilishika udi mbele ya kilango cha hewa. Moshi ulisimama, ukayumba, kisha ukapinda taratibu kuelekea usoni pangu. Kipima kilianza kupanda kabla sijainuka. Hakukuwa na harufu.

Hapo kaka mtu alisema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Kwao Lubumbashi, ambako Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kweli, mbabula, jiko la mkaa, huwashwa nje, husubiriwa mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo huingizwa ndani. Moshi ndio unaohesabiwa kuwa mbaya, na mkaa uliokwisha "kuiva" huhesabiwa kuwa salama. Wasomaji wa Njombe na Limuru wanaijua desturi hiyo kwa majina mengine. Ukweli unakwenda kinyume chake. Moshi na harufu hutoka kwenye vitu vinavyoruka kutoka katika kuni ambazo bado hazijaungua zinapopata joto, na hivyo huisha mapema. Kinachobaki ni kaboni tupu, na katika tumbo la makaa yenye joto kali gesi ya kaboni dioksidi hukutana na kaboni hiyo na kugeuka kaboni monoksidi. Palipo na ndimi za moto na hewa ya kutosha juu ya makaa, sehemu kubwa ya gesi hiyo huungua palepale. Ndimi zikishakufa, huondoka kama ilivyo. Kwa hiyo saa ambayo jiko linaonekana tulivu kuliko zote ndiyo ambayo kaboni monoksidi hupata nafasi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo dohani inapoa.

Yapo mambo mawili yaliyoongezea uzito, ingawa peke yake yasingetosha kuamsha king'ora. Kabla ya kulala walikuwa wakifunga karibu kabisa kilango cha hewa ili moto udumu hadi asubuhi, jambo ambalo huunyima moto hewa, hupoza dohani mapema, na hujaza masizi. Kuni zao za birchi zilipimwa na kukutwa na unyevu wa asilimia 27, ilhali zinapaswa kuwa chini ya 20. Matokeo yake niliyaona nilipopanda juu: wavu wa kuzuia cheche kwenye kofia ya dohani ulikuwa umezibwa nusu ya matundu yake na masizi yaliyoshikana na barafu.

Sitaki kuupita usiku wenyewe haraka, kwa sababu namna walivyojihukumu wakiwa ndani ya gari ilikuwa ya hatari kuliko wanavyodhani. King'ora chao kina kioo kinachohifadhi kiwango cha juu kabisa, nacho kilikuwa kimeandika sehemu 163 kwa milioni. Ving'ora vinavyofuata kanuni ya Marekani ya UL 2034 havilii mara moja. Katika sehemu 70 vinaruhusiwa kusubiri kati ya saa moja na saa nne, na katika sehemu 150 kati ya dakika 10 na 50. Maana yake ni kwamba kilipolia walikuwa wamekwisha kuivuta gesi hiyo kwa muda. Himoglobini ya damu huishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni, na mtu anayepumua hewa safi ya kawaida huhitaji saa nne au tano ili kiasi kilichomo mwilini kipungue nusu tu. Mdogo mtu alikuwa na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kikamwonyesha oksijeni asilimia 98, wakafarijika na kuamua kutopiga 911, namba ya dharura. Kipimo hicho hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Vyote viwili hukiingia machoni kama wekundu mmoja. Walipaswa kupiga simu, na kupimwa damu, hata kama kichwa kilikuwa kinauma kidogo tu. Nimewaambia hivyo mbele ya dada yao, ambaye maneno yake yalikuwa makali kuliko yangu.

Nilipokuwa nikikusanya vifaa niligusa ukuta ulio nyuma ya jiko. Ulikuwa umefunikwa kwa bati linalong'aa, nalo ndilo jambo ambalo kaka mtu alilijivunia hata kuliko uzibaji. Bati lilikuwa limegongomewa moja kwa moja juu ya plaiwudi. Jiko lao halina kibao cha kiwandani kinachotaja umbali salama, na kwa jiko la namna hiyo kanuni ya Marekani ya majiko na dohani, NFPA 211, hutaka sentimita 91 kati yake na kitu chochote kinachoweza kuungua. Katika nyumba yenye upana wa mita 2.1 hilo haliwezekani, na ndiyo sababu kanuni hiyo hiyo inaruhusu umbali upunguzwe hadi sentimita 30 hivi, kwa sharti kwamba bati lisimame mbali na ukuta kwa sentimita 2.5, juu na chini pakiwa wazi ili hewa ipande nyuma yake na kubeba joto. Bati lililolala juu ya mbao halizuii joto. Hulipitisha, na zaidi ya hapo huficha linachokifanya. Tulipoling'oa, plaiwudi ilikuwa na doa la kahawia iliyokolea lenye ukubwa wa sinia. Mbao iliyokaa kwa miezi katika joto ambalo haliwezi kuiwasha siku ya kwanza hugeuka polepole kuwa kitu kinachokaribiana na mkaa, na kinapofika hapo huwaka kwa joto la chini zaidi. Hawakuwa wamefika, na sijui walikuwa wamebakiza umbali gani. Jiko lenyewe lilisimama kando ya mlango, vitanda vikiwa nyuma kabisa, na dirisha la dharura lilikuwa mojawapo ya yale aliyoyaziba kwa povu. Hilo tulilifungua kabla ya chakula cha mchana, nami sikutaka kulijadili.

Marekebisho yalichukua siku mbili. Bati lilirudi ukutani juu ya vigingi vya chuma vinavyolisimamisha mbali na plaiwudi mpya, na jiko likasogezwa mbele. Chini ya sakafu tulipitisha bomba la milimita 100, lenye wavu wa kuzuia panya, hadi kwenye kilango cha hewa cha jiko, ili moto upate hewa ya nje kama lilivyofanya tanuri la zamani. Matundu ya sakafuni yalifunguliwa, kwa kuwa bomba la hewa halisaidii mlango wa jiko unapofunguliwa kuongeza kuni. Vilevile propani ni nzito kuliko hewa, na ikivuja kutoka kwenye jiko la kupikia hutafuta njia ya chini. Dohani ilipata kipande cha sentimita 90 kinachotolewa wakati wa safari, ikawa mita 2.8. Kwa hesabu ile ile ya awali mvuto wake sasa ni paskali 18 moto ukiwa mkali, na zaidi kidogo ya nane dohani ikiwa na nyuzi 60. King'ora cha pili kiliwekwa kwenye kimo cha mito ya kulalia.

Nane ni zaidi ya saba, na kaka mtu aliidaka hesabu hiyo haraka: basi feni inaweza kurudi. Tulijaribu. Kwa mwendo wa chini udi ulinyonywa ndani ya jiko hata makaa yalipobaki machache. Kwa mwendo wa kati ulianza kusita. Upepo, barafu kwenye kofia, au mtu anayegusa swichi gizani vingetosha kuila tofauti hiyo ya paskali moja. Nilikata waya wa feni na kuupitisha kwenye swichi iliyo ndani ya kabati, mahali ambapo hufiki kwa bahati mbaya, na kwa jasho la kuta nikawaambia waache dirisha la upande usio na upepo wazi kwa upana wa kidole, wapoteze joto kidogo.

Jambo moja halikuisha. Ushauri wangu ulikuwa, na bado ni, kwamba moto wa kuni uwe wa jioni, makaa yatolewe nje katika ndoo ya chuma yenye mfuniko kabla ya kulala, na usiku uachiwe chombo ambacho moto wake hauonani na hewa ya chumba: tanuri la propani lililotengenezwa, au jiko la umeme unaovutwa kutoka nyumba ya mwenye shamba. Mwaka 1934 mpelelezi wa Kimarekani Richard Byrd, akiwa peke yake katika kibanda kilichofukiwa na theluji huko Antaktika, alidhoofishwa karibu ya kufa na gesi za jiko lake na za injini ya redio, na njia aliyojiokoa nayo kwa miezi ile hadi watu watatu walipomfikia Agosti ilikuwa kuzima jiko kwa saa nyingi za kila siku na kuvumilia barafu ukutani. Niliwasimulia hayo. Kaka mtu alinijibu kwamba Byrd hakuwa na mabomba ya maji ya kulinda yasigande, wala hakutakiwa kuwa kazini saa kumi na mbili asubuhi. Kwamba usiku wa Januari huweza kushuka hapa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Na kwamba mtungi wa propani una bei ilhali kuni wanazipata bure kazini.

Tulikubaliana nusu. Tanuri walilitafuta, wakapata lililotumika, na fundi wa gesi mwenye leseni akalifunga mwezi Januari. Kuni huingia ndani ya jiko kwa mara ya mwisho saa mbili usiku, na kilango cha hewa hakifungwi tena. Makaa bado hawayatoi. Kaka mtu anasema ndoo ya makaa mekundu mikononi mwa mtu mwenye usingizi, kwenye ngazi yenye barafu, ni hatari nyingine. Nimeitazama ngazi hiyo. Ina vidato vitatu na haina mahali pa kushika, na wiki ijayo ninapeleka bomba la kuichomelea.